Mbeba Jiwe wa Kok-Jar

Miaka yote aliyoishi na mumewe Mukash, kazi ya Sairakan ndani ya gari ilikuwa moja tu: kubeba jiwe.

Lilikuwa jiwe la mtoni, la kijivu, bapa upande mmoja, na uzito wake ni wa mtoto aliyeanza kutambaa. Lilikaa sakafuni, miguuni pake, kiangazi na kipupwe. Gari likisimama popote penye mteremko, na Kok-Jar, kijiji cha milimani, ukitafuta mahali pasipo mteremko utatafuta mpaka uzeeke, Mukash alikanyaga breki na kusema, "Haya!" Hapo Sairakan aliruka nje na jiwe lake akalitia mbele ya gurudumu. Wakati wa kuondoka Mukash aliketi nyuma ya usukani kama sultani, mguu juu ya breki. Sairakan aliinama, akalivuta jiwe, gari likaanza kuteremka, naye akakimbia ubavuni mwake, jiwe kifuani, pindo la gauni mkononi, mpaka injini ikohoe na kushika. Ndipo alipojirusha ndani. Aliruka hivyo akiwa bibi harusi. Aliruka na mimba ya miezi saba. Aliruka hata siku waliyompeleka binti yao kwa mumewe Bishkek, na siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya kisigino.

Gari lenyewe lilikuwa la Kirusi, jeupe kwa wanaokumbuka. Mukash aliliita Ajuza. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa nje tu, dirisha la dereva lilikwama nusu njia, na kifaa cha kupasha joto kilifanya kazi mwezi wa Julai. Starta, ile ya kuwashia injini, ilikufa zamani na hakuna aliyeilia. Kwa sababu hiyo Ajuza alikuwa hawaki ila kwa kuteremka, na kwa sababu hiyo alilazwa mteremkoni kila usiku. Injini nayo ilichoka kiasi kwamba hata ukimwacha kwenye gia, alitambaa polepole kuelekea bondeni, kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga.

Breki ya mkono? Ilikuwepo. Wenzo wake ulisimama katikati ya viti viwili, mgumu kama mwiko uliogandia kwenye chungu. Kule milimani watu hawavuti breki ya mkono majira ya baridi, kwani huganda, ukaamka asubuhi ukakuta magurudumu ya nyuma yamekuwa ukuta. Watu wamezoea jiwe. Mukash alipoulizwa kwa nini haitengenezi, alikuwa na jibu lake analolipenda.

"Breki ya mkono ni ya mwanamume asiye na mke."

Watu walicheka. Sairakan naye alicheka, miaka ya mwanzo.

Kisha Mukash akafa, moyo ulimsimama akiwa anakata majani ya ng'ombe, na mkewe akabaki na nyumba, ng'ombe wawili, mama mkwe, na Ajuza. Mama mkwe aliitwa Batma. Mukash alikuwa kitindamimba, na kwa desturi yao kitindamimba ndiye anayebaki na wazazi, kwa hiyo bibi huyo alikuwa amekaa kwa Sairakan tangu siku ya kwanza. Alikuwa mzee sana, mfupi sana, na ulimi wake haukuwahi kupata likizo.

Majira yote ya baridi Ajuza alilala chini ya theluji. Njia ya mlimani ilipofunguka, Sairakan alikuwa na magunia ya kuruti, zile tonge za mtindi uliokaushwa ambazo madereva wa malori hutafuna njia nzima, na alikuwa na mahali pake pa kuziuzia, kwenye njia panda ya juu, tangu ujana wake. Kuendesha alijua. Mukash alimfundisha, si kwa mapenzi bali kwa sababu ya harusi za watu, maana huko yeye alikunywa, na mmoja ilibidi aweze kurudi nyumbani akiiona barabara. Asubuhi moja akapakia magunia, akatia gia, akazunguka mbele, akainama, akavuta jiwe kama alivyolivuta maisha yake yote.

Ajuza akaondoka.

Sairakan alikimbia na jiwe kifuani, kwa mazoea, mpaka akakumbuka kwamba ndani hamna mtu. Gari liliteremka bila haraka, likakata kona kwa bahati, likavunja ua wa mbao, likazama mpaka milango kwenye lundo la majani makavu. Ua ule na majani yale yalikuwa ya shemeji yake.

Sasa shemeji huyu. Alikuwa kaka mkubwa wa Mukash, mtu wa farasi mzuri na kofia nzuri, na jina lake lilikuwa Temirkul. Lakini Sairakan hakuwahi kulitamka. Mke aliyeolewa kule hatamki jina la baba mkwe wala la shemeji mkubwa. Kulitamka ni utovu wa adabu ambao watu wangeuzungumza mpaka kizazi cha pili. Na kwa kuwa jina hilo, kwa lugha yao, lina neno chuma ndani yake, Sairakan alikatazwa hata kusema chuma. Tangu aolewe alisema "kile kigumu". Sufuria ilikuwa ya kigumu, kitanda kilikuwa cha kigumu. Temirkul alipenda sana adabu hiyo. Aliipenda kuliko wengine walivyoipenda, kwa sababu yeye hakuwa na jina la kumkataza kitu.

Alitoka nje na bakuli lake la chai mkononi, akautazama ua, akamtazama Sairakan anavyohema.

"Mke wa Mukash," akasema, "umeona maajabu? Nyumba za watu chungu nzima ziko mteremkoni huku. Limezipita zote. Limekuja kwangu lenyewe. Mnyama anamjua bwana wake."

"Halina akili hilo, shemeji. Lina mteremko tu."

"Ndivyo unavyosema wewe." Akanywa chai. "Sikiliza, nilikuwa nangoja Ijumaa, hitima ya mwaka ya marehemu, nilisemee mbele ya wazee, lakini kwa kuwa limeshafika, basi. Gari nampa mwanangu, anaoa vuli hii. Na wewe na Mama mtahamia huku. Mke wangu mgongo unamsumbua, na nyumba yangu haikosi wageni. Mtu wa kumimina chai anatakiwa."

"Na kuruti zangu?"

"Kuruti! Utazipeleka na nini? Tuseme nikuachie gari. Haya, nani atakuwekea jiwe?" Hapo akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Kila gari lina watu wawili, shemeji. Mwenye usukani na mwenye jiwe. Wewe ni wa jiwe. Si aibu, ndiyo kazi uliyopewa."

Sairakan angeweza kuyameza maneno hayo. Alishameza makubwa kuliko hayo. Lakini alikuwa bado amelikumbatia lile jiwe, mbele za watu, kama mjinga, na jambo hilo ndilo lililomtia uchungu.

"Likisimama bila jiwe?" akauliza.

"Bila jiwe, bila mtu?"

"Bila jiwe, bila mtu. Siku ya hitima, mbele ya wazee. Mahali utakapochagua wewe."

Temirkul akacheka akamwaga chai. Akanyoosha kidole juu, pale njia inapoinama kama ngazi kabla ya kufika nyumbani kwake. "Pale. Likisimama pale, ni lako na sitalitaja tena. Likitembea, nitalipokea hapa mlangoni, kama leo. Na wewe utakuja nyuma yake na birika."

"Nimesikia!" sauti ikatoka njiani. Alikuwa Batma, amefika na fimbo yake, pumzi juu juu. "Nimesikia kila neno, na Mungu kasikia. Sasa niondoleeni gari majanini, kuku wanataga humo."

*

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Sairakan aligundua mapema kwamba cha mvunguni mwa Ajuza hakifikiki kwa kuinama tu. Majirani walipokwisha kumrudisha uani kwa farasi, alilala chini ya gari, akasukuma, akavuta, akagonga. Wenzo haukutikisika. Palipokaza palikuwa ndani, chini ya viti, na chini ya viti palikuwa na miaka yote ya ndoa yake.

Fundi hakuwa. Lakini alikuwa mke wa mtu aliyelala chini ya Ajuza kila Jumapili, na mke wa mtu kama huyo ndiye anayepokeza spana. Alizijua zote kwa nambari, na aliijua nati inayofuata kwa namna Mukash alivyokuwa akikohoa kule chini. Akatandaza turubai uani, akaanza.

Viti vilitoka kwanza. Kisha plastiki ya katikati, ile inayouzunguka wenzo, iliyoshikwa na skrubu mbili na vibanio ambavyo Mungu peke yake alijua viko wapi. Bisibisi ilizivunja kingo, kwani plastiki ile kuukuu ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Akaenda jikoni akarudi na mwiko. Mpini wa mwiko uliingia kwa adabu, ukanyanyua, kibanio kikaachia, *tak*, bila kuvunja kitu. Akauzungusha mwiko huo gari zima: vizingiti, kuta za milango, hata kile kifuniko cha nyuma ambacho hakuwa anajua kinatoka.

Batma alikaa kizingitini akimtazama.

"Unamchuna," akasema.

"Namchuna, Mama."

"Basi usitoboe ngozi."

Chini ya plastiki kulikuwa na zulia, chini ya zulia manyoya yaliyogandamizwa, tabaka tatu, ambayo Sairakan na Batma waliyafinyanga wenyewe kwa maji ya moto na viganja mwaka wa harusi, ili bibi harusi asipate baridi miguuni. Yalikuwa mazito kwa maji. Miguu yenye theluji ilikuwa imeyanywesha miaka yote, na chini yake bati lilikuwa na kutu nyekundu. Chini zaidi, kando ya kebo ya breki, panya walijenga mji: maganda ya mbegu za alizeti, uzi wa manyoya, kipande cha utepe wa binti yake.

"Mama, nipe kile kigumu cha kumi na tatu."

"Sema chuma," Batma akamwambia, akitafuta spana. "Mwenye jina hayupo."

"Nimezoea."

"Na mimi nilizoea. Miaka mingi nilimwita baba mkwe wangu 'Yule wa Juu', na jina lake lilikuwa Juma tu. Siku ya Ijumaa nilikuwa siitaji."

Kebo ilitoka jioni, na hapo ndipo Sairakan alipokata tamaa. Wenzo wenyewe haukuwa na ugonjwa mkubwa. Aliupiga msasa, akaloweka meno yanayoushika kwenye mafuta ya taa, ukalegea. Lakini kebo ilikuwa imeshikana na ganda lake kama mfupa na uboho. Akailoweka kwenye mafuta ya taa usiku mzima. Asubuhi akaifunga kwenye nguzo, akavuta kwa uzito wake wote. Akaanguka chali. Kebo haikusogea.

Alikuwa bado chini, Temirkul alipopita na farasi. Akasimama. Uani palikuwa na viti, milango uchi, mazulia, manyoya yanachuruzika maji juu ya kamba, na shemeji yake mavumbini.

"Mnafungua duka?" akauliza. "Au Ajuza amekufa mnagawa nguo zake?"

"Pita salama, shemeji."

"Nilikuwa nataka kukuletea ushauri tu. Mwanangu anapenda viti vikae sawa. Usipoteze skrubu." Akamgeuza farasi, akaongeza, bila ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi: "Dada yangu, chuma hakimjui mwanamke. Pumzika."

Akaenda. Sairakan alibaki amekaa, kebo mapajani, akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, machozi ya moto yanayowasha pua, na hakujificha. Kama ungempa shoka saa ile, Temirkul angelazwa kwenye majani yake asiamke.

Batma alimwendea, akaichukua kebo mikononi mwake, akaileta puani. Akanusa. Akanusa tena. Akaukwaruza mdomo wa ganda kwa ukucha, akaweka ukucha ulimini.

"Mkia," akasema.

"Mama?"

"Mkia wa kondoo. Mafuta ya mkia. Haki ya Mungu, mwanangu alikuwa mjinga."

Wasioishi kwenye baridi hawawezi kujua mafuta ya mkia wa kondoo ni nini kwa watu wale. Mtoto akikohoa anapakwa kifuani. Ng'ombe akipasuka chuchu, ni mkia. Bawaba ikilia, buti ikikauka, ni mkia. Mukash alikuwa ameyayeyusha akaimiminia kebo mafuta ya moto, ikalainika kama siagi, akafurahi, na usiku wa baridi ukaingia. Mafuta yale hukaa magumu kama mshumaa hata mwezi wa Mei. Vumbi likaingia, kutu ikaingia, panya wakaalikwa karamu. Alipoona wenzo hauvutiki, badala ya kulala tena chini ya gari, alikwenda mtoni akachagua jiwe.

Sairakan alisimama, akajikung'uta mavumbi. Kisha akaingia ndani ya lile gari lisilo na viti, akachuchumaa kwenye bati tupu, pale alipozoea kukaa yeye, akamsema mumewe. Alimsema kwa sauti. Jirani walisikia.

"Mukash! Kwa kipande cha mkia! Nimeruka na mimba, Mukash! Nimeruka na kisigino! Watu wanacheka, na wewe unacheka, 'breki ni ya asiye na mke', na kumbe umeiharibu mwenyewe ukaona haya kusema! Ungeniambia tu! Ningekuchemshia maji, mume wangu! Maji tu!"

Alisema *maji*, akajisikia mwenyewe. Akatoka garini.

"Mama, samovari."

Walichemsha samovari, lile birika kubwa la chai lenye moto tumboni, mara mbili. Sairakan aliitundika kebo kwenye kamba ya nguo, Batma akamimina maji yanayochemka kwenye mdomo wa ganda polepole, kama anawamiminia wakwe. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha kikatoka kitu cha manjano chenye harufu ya karamu za zamani. Kisha cheusi. Sairakan akashika ncha mbili, akavuta huku, akavuta kule, na kitu kikamjibu mle ndani, kidogo, kiasi cha nusu ukucha. Akavuta tena. Samovari ya tatu ilipokwisha, kebo ilikuwa inapita ndani ya ganda lake kama uzi kwenye sindano.

Waliianika juani siku nzima, maji yasibakie, maana maji nayo yangeganda. Kisha Sairakan akaleta kichupa cha mafuta ya cherehani yake, mepesi, yasiyojua baridi, akayatonesha mpaka yakatokea upande wa pili. Mukash angeyaomba tu angepewa.

Kurudisha ni kugumu kuliko kutoa, kila aliyechuna gari anajua. Alisafisha dramu za breki kwenye magurudumu ya nyuma, akafunga kebo, akakaza nati, akalegeza, akakaza. Alipouvuta wenzo ukapanda meno yake, *kra, kra, kra*, akaurudisha, akauvuta tena kwa raha ya kuusikia tu. Viti vilirudi. Plastiki zilirudi, isipokuwa moja ya mlango iliyobaki inacheza, na skrubu chache zilizobaki kwenye kopo zikakosa kwao. Manyoya hayakurudi. Batma aliyashika, akayapima kwa macho.

"Tuliyafinyanga siku mbili haya," akasema.

"Yalikunywa maji, Mama."

"Basi mpe mbwa." Na mbwa akapata godoro la bibi harusi.

*

Ijumaa walichinja farasi, kama inavyopasa kwa hitima ya mwaka. Wazee wa ukoo walijaa ndani, mkubwa wao Mzee Borubai, mtu wa ndevu chache na masikio makubwa, ambaye maneno yake hayakuzidi kijiko. Walisoma, wakala, wakanyanyua viganja wakajipangusa nyuso. Temirkul alikohoa akaanza kusema juu ya mali ya marehemu. Batma akamkatiza kutoka pembeni kwamba mapatano yalishafanyika, na yeye ni shahidi, na nyama ishaliwa, kwa hiyo watu wainuke.

Wakainuka wote. Hakuna aliyekuwa tayari kukosa jambo lile.

Ajuza alikuwa amelazwa upande wa juu wa nyumba, mteremkoni kama kawaida, na hapakuwa na jiwe mbele yake. Wachache waliliona hilo. Sairakan akaingia, akaachia wenzo, gari likateremka, injini ikakohoa ikashika, akaenda mpaka pale njia inapoinama kama ngazi, juu ya ua mpya wa Temirkul na lundo lake la majani. Akasimama. Akavuta wenzo, *kra, kra, kra, kra*, akazima injini, akatoa gia ili asije mtu akasema ni gia. Akatoka. Akafunga mlango.

Ajuza akalia. Akasogea upana wa vidole viwili, na wanawake wakapiga yowe. Kisha akatulia, akakaa juu ya breki yake, kama bibi aliyepata mto mzuri.

Watu walingoja. Sairakan alikuwa amekunja mikono, vidole vyeusi kwa mafuta, na hakuficha vidole vyake.

"Ngojeni," akasema Temirkul. "Chuma huteleza polepole."

Wakangoja. Mzee Borubai akachuchumaa, akatazama chini ya gurudumu la mbele, akatazama la nyuma, akainuka. "Hamna kitu," akasema.

"Atateleza tu. Hata mtoto akimgusa—"

"Fungua mlango, mkamwana," akasema Batma. "Miguu inaniuma, mnasimama kama nguzo." Na kabla hawajajua afanyalo, alikuwa ameketi kiti cha mbele, uso kauelekeza bondeni, fimbo katikati ya magoti, anatafuta andazi mfukoni.

"Mama!" Sauti ya Temirkul ilipasuka. "Mama, toka humo!"

"Sitoki. Nimechemsha samovari tatu mimi."

"Litaondoka na wewe!"

"Likiondoka litakuja kwako, si ndivyo? Mnyama anamjua bwana wake." Akauma andazi.

Temirkul alitazama majani yake kule chini, ua mpya wenye mbao nyeupe, akamtazama mama yake anayetafuna. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia nzuri. Akaenda ukingoni mwa njia, akaokota jiwe kubwa, akalileta mikono miwili, akainama mbele ya wazee wote akalitia mbele ya gurudumu.

"Tahadhari tu," akasema, akijifuta mikono.

Mzee Borubai alitazama lile jiwe kwa muda mrefu, kisha akamtazama aliyeliweka. "Lilikuwa limeshasimama," akasema. Hiyo ndiyo ikawa hukumu, na kila mtu aliisikia.

Sairakan akaingia ndani, akakaa nyuma ya usukani. Kwa lile dirisha lililokwama nusu, alimwona shemeji yake amesimama karibu na gurudumu, mikono ina udongo, na alijiona yeye mwenyewe pia, mwaka baada ya mwaka, pale pale. Hakuwa na hofu tena, ila alikuwa na neno moja lililokaa mdomoni mwake tangu harusi, na akaona hana haja ya kulibeba zaidi.

"Temirkul," akaita.

Wanawake wakafunika midomo. Andazi la Batma likasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Temirkul. Toa jiwe."

Temirkul alimgeukia Mzee Borubai. Mzee alikuwa anatazama mlima. Akamgeukia mama yake.

"Si umesikia unaitwa," Batma akamwambia.

Akainama. Alilivuta jiwe, lilikuwa zito na alilitia kwa nguvu, likatoka, naye akarudi nyuma amelikumbatia kifuani. Ajuza hakusogea hata unywele. Sairakan alimwacha alitazame hilo vizuri. Kisha akatia gia, akabonyeza kitufe cha wenzo, akaushusha, gari likaanza kuteremka, likapita ua mpya, injini ikakohoa mara mbili ikashika. Mama mkwe alicheka kwa sauti, na walikata kona kuelekea njia panda ya malori, magunia ya kuruti yakiwa nyuma. Katika kioo alimwona Temirkul bado yuko katikati ya njia, jiwe kifuani, hajui aliweke wapi.